Hesabuni Mashimo ya Kaa: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Mikoko

Kwa Waheshimiwa mlio na dhamana ya misitu, mazingira na uvuvi, serikalini Nairobi na katika kaunti za Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River na Lamu.

YAH: MIKOKO INAYOPANDWA PASIPO PAKE

Salaam aleikum, na salamu nyingi kutoka Pwani.

Mwaka juzi, tarehe 26 Julai, mabasi mawili yaliegeshwa chini ya minazi ya kijiji chetu. Ilikuwa Siku ya Kimataifa ya Mikoko. Wakashuka vijana waliovaa fulana mpya, bango refu likafungwa baina ya minazi miwili, na mpiga picha akarusha droni yake mpaka kuku wakakimbilia uvunguni. Sisi wa kikundi cha kina mama tulikuwa tumeshaandaa miche tangu alfajiri, maana tunalipwa kwa mche. Maji yalikuwa yamekupwa hasa. Tukaelekezwa tutoke nje ya msitu, twende mbele kwenye uwanda ulio wazi unaotazamana na bahari kuu, kwa sababu eti huko ndiko kulikobaki nafasi.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa ameketi kando anashona wavu wake. Akasema kwa upole: "Wanangu, hiyo nafasi mwaiona leo? Pangekuwa pake, mikoko ingeshafika zamani. Haingoji basi." Watu wakacheka. Tukapanda.

Julai ni kusi, Waheshimiwa, msimu wa pepo kali za kusini. Mawimbi hupiga mchana kutwa. Nani hapa Pwani, kwa akili yake mwenyewe, hupanda kitu uso kwa uso na bahari katikati ya kusi? Lakini tarehe ilipangwa mbali, nasi tunaifuata. Bamvua ya kwanza, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ikailaza miche, ya pili ikaing'oa. Kaskazi, msimu wa pepo za kaskazini, ilipoingia nilirudi peke yangu nikaihesabu: maelfu yale tuliyopanda, iliyokuwa hai haikufika sitini. Pale tulipokanyagakanyaga palikuwa na majani ya bahari, ndiyo malisho ya samaki tasi, nayo yalikuwa yamebaki mabaka mabaka kama kichwa kilichonyolewa na mtoto. Ripoti ya siku ile, nadhani, ilifika kwenu ikisema miche kadhaa imepandwa. Haikusema uongo. Ilipandwa kweli.

Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja na imenilishia watoto, kwa hiyo siandiki kupinga upandaji. Ninayo moja tu ya kusema: mnahesabu kisichofaa kuhesabiwa, na kwa kukihesabu hicho mnatufanya sisi huku chini tufanye kazi mbovu kwa bidii kubwa.

Nianze na jina lenyewe. Huko bara neno mikoko hutumika kwa kila mti unaosimama kwenye maji ya chumvi. Kwetu mkoko ni mmoja katika jamaa ya tisa. Kuna mlilana, unaokaa mbele kabisa na kutoa mataruma ya mashua. Kuna mkoko wenyewe, wa boriti, ule ambao urefu wake ndio uliopima upana wa vyumba vya nyumba za kale za Lamu. Kuna muia, na mkandaa wa fito na wa rangi. Kuna mchu, usiokuwa na makuu, unaweza kuukuta mbele karibu na mlilana na ukaukuta tena nyuma kabisa kwenye chumvi kali ambako wenzake wote wameshindwa. Kuna mkomafi wenye tunda kama mpira, unaopenda mahali maji matamu yanapochungulia. Kila mmoja una kipimo chake cha maji: mara ngapi kwa mwezi bahari imfikie, ikae kwa muda gani, iondoke vipi. Ukikosea kipimo, mti hufa hata kama umeupanda kwa mikono ya waziri.

Sasa tazameni miche inayopandwa katika sherehe hizi. Takriban yote ni mkoko, tena mkoko mtupu. Si kwa sababu mkoko ndio unaotakiwa pale. Ni kwa sababu mbegu yake ni ndefu kama fimbo, unaichomeka tu kwenye matope na kazi imekwisha. Hata kitalu hakihitajiki. Mchu na mlilana wana mbegu ndogo, zinataka kulelewa. Ukilipwa kwa mche, wewe ungepanda upi?

Lakini hata hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba mkoko unatazamwa kama mti wa kawaida, mfano wa mwarobaini uliokosea njia ukaingia baharini. Mkoko ni fundi. Mwaka 1994 wanasayansi watatu, Clive Jones, John Lawton na Moshe Shachak, waliandika kuhusu viumbe wa namna hii wakawaita wahandisi wa mazingira: viumbe ambao kwa kuishi kwao tu hubadilisha mahali wanapokaa, na kwa kupabadilisha wakawafungulia wengine mlango, au wakaufunga. Ndovu wa Tsavo akiangusha vichaka na nyasi zikapata jua, ni mhandisi. Mchwa akijenga kichuguu, ni mhandisi. Wapo wanaojenga kwa vitendo, na wapo ambao miili yao yenyewe ndiyo jengo, kama matumbawe, kama majani ya bahari, kama mkoko.

Ingieni siku moja chini ya mkoko maji yanapojaa muone. Nje, kwenye mkondo, maji yanakwenda mbio. Yakigusa ile mizizi iliyopindana kama miguu ya buibui yanapunguza mwendo, na maji yaliyopunguza mwendo hayawezi kubeba matope, hivyo matope huanguka pale pale. Mwaka kwa mwaka sakafu inanyanyuka. Chaza wanashika mizizi kwa sababu kuna kitu kigumu cha kushika, jambo adimu katika nchi ya matope. Vifaranga vya samaki na kamba hujificha humo kwa sababu samaki mkubwa hapenyi. Watu wa Malindi na Kipini wanaovua kamba katika Ghuba ya Ungwana wanajua kamba wale hawazaliwi wakubwa. Kivuli kinapunguza joto la tope, na tope likipoa chumvi haikauki juu yake, na hapo ndipo mbegu nyingine inapopata pa kuanzia. Sasa basi, mti umekuwa nyumba, ukuta, jiko na shule ya watoto kwa pamoja, na hakuna mtu aliyeupangia kazi hizo.

Na fundi huyu ana saidia wake, ambaye hamjawahi kumtaja katika hotuba hata moja. Kaa.

Nataka mnivumilie hapa, maana hapa ndipo penyewe. Wapo kaa wa aina nyingi mikokoni, na simsemi yule kaa matope mnayemla hotelini Mombasa, ingawa naye ana kwake. Nasema hawa wadogo wanaokimbia unapokanyaga. Kaeni kimya kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Mmoja atatoka. Atalikuta jani la mchu lililoanguka, rangi ya manjano, kubwa kuliko yeye. Atalishika kwa gando moja, alivute kinyumenyume, asimame, atazame, alivute tena mpaka mlangoni kwake, kisha alikunje na kuliingiza shimoni. Jani lile lingechukuliwa na maji likaenda zake baharini. Sasa limebaki. Litaliwa, litaoza, litakuwa rutuba ya mti ule ule ulioliangusha. Tondo, yule konokono mkubwa mweusi wa matopeni, naye anafanya kazi ya namna hiyo juu ya ardhi, na utawakuta kumi wamelizunguka jani moja kama watu kwenye sinia.

Kisha litazameni shimo lenyewe. Tope la mikokoni kwa kawaida ni jeusi na linanuka yai viza, kwa kuwa hewa haiingii. Pembezoni mwa shimo la kaa ule weusi umegeuka kahawia, rangi ya kutu. Hewa imeingia. Maji yakijaa yanapita mle ndani, yanasafisha chumvi na sumu, yakipwa yanatoka nayo. Mashimo elfu moja ni mabomba elfu moja ya maji safi na maji machafu, yasiyodai tenda wala fundi wa kuyakarabati. Mizizi inavuta pumzi. Ndiyo maana nikifika mahali pa kupanda sitazami kwanza miti. Nainama natazama chini.

Kaa hana huruma, nalo niliseme. Mbegu za mchu anazila, miche michanga ya mkoko anaikata. Nimeshamlaani mara nyingi. Ila msitu ulioumbwa kwa mkono wa kaa ndio huo huo unaomlisha, na wote wawili wamekuwapo kabla ya kijiji chetu. Niliyoyaona ni haya: penye kaa wengi miche kadhaa hupotea na msitu unabaki, pasipo kaa miche yote husimama wima miezi mitatu, mizuri ya kupigwa picha, kisha hukauka yote.

Waheshimiwa, mambo haya si ya kwetu peke yetu. Ufilipino walipanda kwa miongo kadhaa, mkoko mtupu, mbele baharini na juu ya majani ya bahari, na watafiti walipokuja kuhesabu walikuta iliyodumu kwa jumla ni asilimia 10 hadi 20. Sri Lanka, baada ya tsunami ya mwaka 2004, walipewa fedha nyingi za kupanda. Walipokaguliwa maeneo 23, tisa hayakuwa na mche hata mmoja ulio hai. Wale hawakuwa wavivu. Walihesabu kama sisi tunavyohesabu.

Na kwetu yapo ya kujivunia, tena karibu. Gazi, kaunti ya Kwale, mikoko ilifyekwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani, na sehemu zile zikakaa uchi karibu miaka 20, hazikujiotea. Watafiti wakishirikiana na wanakijiji walianza kuirejesha mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakichagua aina ya mti kwa kutazama kiwango cha maji. Leo ukiingia katika sehemu walizopanda utakuta kaa wamerudi, na chini ya miti ile imejiotea aina nyingine ambayo haikupandwa na mtu. Hapo ndipo msitu ulipoanza kujifanyia kazi wenyewe. Tangu 2013 kijiji cha Gazi na jirani zao wa Makongeni wanauza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa ukaa unaohifadhiwa na msitu wao, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, hekta 117, na fedha zake zimeleta maji na vifaa vya shule. Wanunuzi wale wa Ulaya wanapenda picha ya mti. Lakini sehemu kubwa ya ukaa wanaolipia haiko kwenye mti, iko chini, katika lile tope jeusi lililokusanywa na mizizi kwa miaka na miaka. Ukiua mtambo unaokusanya tope, umebakiwa na kuni.

Basi mtaniuliza, tufanye nini?

Kwanza acheni kututuma kwenye uwanda wa wazi. Majani ya bahari nayo ni mjenzi, nayo huhifadhi ukaa, nayo hulea samaki. Haiingii akilini kumzika mjenzi mmoja ili mwingine apigwe picha juu ya kaburi lake. Uwanda usio na miti si lazima uwe pengo. Mara nyingi ni nyumba ya mwenyewe.

Pili, kabla ya mche, maji. Nitawapa kisa kidogo. Nyuma ya hori yetu, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, kuna sehemu ambayo mchu wote ulikufa, ikabaki visiki na ganda jeupe la chumvi linalovunjika kama kigae ukilikanyaga. Tumepanda pale mara tatu, kwa wafadhili watatu tofauti, na kila mmoja aliandikiwa ripoti yake. Mara zote imekauka. Mwaka uliofuata ile Julai tulikaa chini na yule mzee wa wavu, akatuonyesha kwa kidole: tuta la udongo lililomwagwa zamani kupitisha magari ya mchanga lilikuwa limeziba mfereji mdogo ambao bahari ilipitia. Hakuna aliyekuwa akilitazama tuta lile, tulikuwa tunatazama visiki. Tukachukua majembe, watu kumi na wawili, siku nne, bila mfadhili, tukalikata mahali pawili. Bamvua iliyofuata maji yakaingia. Ganda la chumvi likaanza kulainika. Miezi ikapita hatuoni kitu, na baadhi ya wenzangu wakanilaumu kwa kuwapotezea siku nne. Kisha nikaona shimo la kwanza, na kijirundo kidogo cha tope mlangoni. Wiki chache baadaye yakawa mengi, siyawezi kuyahesabu. Msimu wa mbegu ulipofika mchu ukaja wenyewe juu ya maji, ukakaa, ukaota. Hatujapanda mche hata mmoja pale.

Kazi ile haina pa kuandikwa katika fomu zenu. Nilijaribu. Kuna kisanduku cha idadi ya miche na kisanduku cha idadi ya watu walioshiriki. Ofisa kijana aliyekuwa akinisaidia aliniambia kwa heshima kabisa, "Mama, mfereji hauna kisanduku." Tukaandika sifuri.

Msiseme mambo ya maji ni makubwa kuwashinda, kwa sababu mmeshayafanya. Mombasa, tuta la Makupa lilizuia bahari kupita kati ya hori ya Tudor na Port Reitz muda wote tunaoukumbuka sisi. Mwaka 2022 daraja likafunguliwa na maji yakapata njia. Ikiwa mliweza kukata tuta linalopitisha malori ya bandarini, haya matuta yetu ya mchanga hayawashindi.

Tatu, na hili ndilo linalohusu mifuko yetu, badilisheni malipo. Desemba 2022 Rais alitangaza lengo la miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ikapewa likizo ya kupanda. Namba kubwa kama hiyo ikishuka kutoka Nairobi mpaka ikafika kwa chifu, kwa kikundi, kwa mimi, inakuwa amri moja tu: chomeka haraka. Gaweni fungu lile lile la fedha mara tatu. Sehemu mtulipe tukianza, sehemu baada ya mwaka, na sehemu kubwa baada ya mwaka wa tatu, kwa kuhesabu miti iliyo hai, aina ngapi, na mashimo ya kaa katika kipande cha mita moja kwa mita moja. Msicheke. Kuhesabu mashimo hakutaki mashine wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Kunataka kamba, vijiti vinne na mtoto wa darasa la sita. Mashimo yakiongezeka, ardhi inapona. Yakitoweka, hata kama miche imesimama, msiondoke.

Nasema haya sasa kwa sababu mpango wa taifa wa kusimamia mikoko ni wa mwaka 2017 hadi 2027, na mahali fulani, katika ofisi yenye kiyoyozi, kuna mtu anaandika au karibu ataandika mpango wa kuufuata. Ule wa kwanza ulitupa takwimu nzuri: hekta 61,271 nchi nzima, na 37,350 kati ya hizo ziko Lamu peke yake. Misitu hii imetangazwa hifadhi ya serikali tangu 1932. Kwa hiyo ni mali yenu kwa karatasi zaidi ya miaka 90, na ni yetu kwa tope hadi magotini. Huyo anayeandika, mleteni huku kabla hajamaliza. Sisi tuna vyama vya misitu vya jamii, tuna vikundi vya ufuo, tuna wavuvi wanaojua bamvua itafika wapi bila kufungua simu. Hatutaki kuitwa kwenye warsha tukasaini nauli. Tunataka pawe na ukurasa unaosema kwamba hapapandwi kitu mpaka watu wa mahali hapo wametembea nanyi maji yakiwa yamekupwa, na tena yakiwa yamejaa.

Najua kuna atakayesema mama huyu anashusha moyo wa wafadhili, watakimbia, na miche itakosa fedha. Labda. Nami niliogopa hivyo, ndiyo maana nilinyamaza siku ile ya mabasi na kuupokea ujira wangu. Watu wa zamani wakiona jambo ndiyo kwanza linaanza kukolea husema mkoko unaalika maua. Sasa hofu yangu imekwisha, nimeanza, na barua hii nimewapa wenzangu wa kikundi waisome kabla yenu. Wawili wameomba jina la kikundi lisitajwe. Nimewaheshimu.

Mkipenda kuja, msije Julai. Njooni kaskazi, siku ya bamvua, asubuhi mapema maji yakiwa yameondoka. Msilete bango. Nitawapeleka kwanza kwenye uwanda, muione miche ile michache iliyobaki, imefunikwa na chaza wadogo mpaka imeinama. Kisha tutazunguka nyuma kwenye mfereji tulioukata. Vaeni viatu ambavyo hamtasikitika kuviacha, maana pale pengine tope hupenda kubaki na kimoja.

Ni mimi,
Mpanda mikoko, kusini mwa Pwani